Sansa wa kitabuni na Sansa wa kwenye kioo: uanze na yupi?

Mpwa wangu aliingia dukani Jumamosi moja, flashi mkononi, akasalimia harakaharaka kama mtu aliyeacha bodaboda inamsubiri nje.

"Shikamoo mjomba. Game of Thrones nisome au nitazame?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Sikai. Na usiniambie vyote viwili. Jumatatu napanda meli kwenda Nansio kwa bibi, na chuo kinafunguliwa baada ya wiki sita."

Duka langu ni la steshenari, hapa katikati ya mji wa Mwanza, na nyuma ya mashine ya fotokopi kuna rafu yangu ya vitabu vya majoka na falme. Ukuta wa mbao unanitenganisha na kijana anayerushia watu muvi kwenye flashi. Mwaka mzima nasikia panga zikigongana upande wake huku mimi natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Kwa hiyo swali la mpwa wangu naishi nalo: upande huu wa ukuta kuna kitabu, upande ule kuna tamthilia.

Nikamwambia kulinganisha kila kitu hatutamaliza. Tuchukue mtu mmoja, Sansa Stark, kwa sababu hakuna mhusika mkubwa ambaye njia yake ya kitabuni na ya kwenye kioo zimeachana kwa namna inayouma kama yeye. Isitoshe, yeye mwenyewe mpwa wangu alikuwa ameshasikia wenzake wakibishana bwenini kama Sansa ni mjinga au mjanja, wengine wakitetea wa kitabuni na wengine wa kwenye tamthilia bila kujua kwamba hao ni watu wawili. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, na mengine niliyokumbuka alipokwisha kuondoka. Ninafichua mambo hadi mwisho kabisa, kwa hiyo asiyetaka kujua aachie hapa.

Vitabu ni vya George R. R. Martin. Cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, na tangu hapo wasomaji wanakisubiri cha sita. Tamthilia ya HBO ilianza Aprili 2011, ikaisha Mei 2019: misimu 8, vipindi 73. Vitabu havina mwisho, tamthilia inao. Hilo liweke kichwani, tutalirudia.

Mwanzoni wanafanana. Binti wa bwana mkubwa wa Kaskazini, miaka 11 kitabuni na 13 kwenye kioo, anapenda nyimbo za mashujaa wa farasi, anachumbiwa na mwana wa mfalme, Joffrey, ambaye usoni ni mzuri na moyoni ni fisi. Mbwamwitu wake, Lady, anauawa kwa kosa la mbwamwitu wa mdogo wake, Arya. Baba yake, Ned, anakatwa kichwa mbele ya macho yake. Hayo yote utayapata kotekote.

Ila kuna jambo moja dogo tamthilia imelikwepa, nami naliona kubwa. Kitabuni, Ned anapoamua kuwarudisha binti zake nyumbani, Sansa anakimbilia kwa Malkia Cersei, mama yake Joffrey, kumwomba abaki, na kwa kufanya hivyo anamwaga mpango wote wa baba yake. Martin hakuonyeshi akiingia mlangoni kwa malkia. Unalijua baadaye, limejificha ndani ya mawazo ya mtoto ambaye bado hajaelewa alichofanya. Si kwamba yeye peke yake ndiye aliyemponza Ned, kwa maana Ned mwenyewe alikuwa ameshamwendea Cersei na kumwambia anachokijua, kosa la watu wema tangu zamani. Lakini Sansa wa kitabuni anabeba kitu. Sansa wa tamthilia hana deni. Yeye ameonewa tu, tangu mwanzo, na ukimwona mtu ameonewa tu unamhurumia bila kumjua.

Tofauti ya pili inatokana na chombo chenyewe. Vitabu hivi vinasimuliwa kwa zamu, kila sura ikiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Sansa ana sura 24: sita katika kitabu cha kwanza, nane cha pili, saba cha tatu, tatu cha nne, na cha tano hakuna hata moja. Ukiwa humo ndani unamsikia akimjibu Joffrey kwa maneno ya adabu, matamu kama haluwa, huku akiwaza kumsukuma aanguke kutoka juu ya ukuta. Sandor Clegane, mlinzi mwenye uso ulioungua, anamwita ndege mdogo kwa sababu anarudia vizuri maneno aliyofundishwa. Sisi tungesema kasuku. Lakini msomaji anajua jambo ambalo Sandor halijui: kasuku huyu anachagua nini cha kurudia na wakati gani. Adabu ndiyo ngao yake. Binti yeyote aliyekulia kwa mama wa kambo mkali anaujua mchezo huo bila kufundishwa.

Kwenye kioo hakuna kichwa cha kuingia. Kuna uso wa Sophie Turner, na nitakuwa muungwana nikisema uso huo umefanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyomkiri. Lakini uso haukwambii kila kitu. Chukua usiku wa vita vya Blackwater. Kitabuni Sandor yupo chumbani mwa Sansa, amelewa, anamwekea kisu shingoni na kumlazimisha aimbe. Anaimba wimbo wa dini wa kuomba rehema. Anamgusa shavu, analikuta limelowa. Sandor anaondoka, joho lake jeupe limebaki sakafuni, limechanika na lina damu, na Sansa anajifunika nalo. Halafu sasa sikiliza: katika vitabu vinavyofuata Sansa anakumbuka kwamba usiku ule Sandor alimbusu. Rudi nyuma usome tena. Hakumbusu. Kumbukumbu ya msichana imejitengenezea kitu ambacho hakikuwepo, na Martin hakupigii kengele, anakuachia ukikamate mwenyewe. Kamera itafanyaje hapo? Kamera ilikuwepo, imeona, na mtazamaji ameona. Tamthilia imeacha yote: kisu, wimbo na joho. Sandor anasema anakwenda Kaskazini, anamwambia anaweza kumchukua, basi.

Kabla hujawalaumu watengenezaji, ujue kipindi hicho cha Blackwater kiliandikwa na Martin mwenyewe. Aliandika kipindi kimoja katika kila msimu kuanzia wa kwanza hadi wa nne, kisha akaacha. Kwa hiyo hata mwenye hadithi alipopanda jukwaa la wengine alivua baadhi ya nguo.

Ndoa ya Sansa na Tyrion ni mfano mwingine, mdogo lakini mimi naupenda. Tyrion, mjomba wake Joffrey, ni mfupi, na desturi inamtaka amvishe bibi harusi joho mabegani. Kitabuni anamvuta gauni ili ainame kidogo. Sansa anakataa. Anasimama wima kama mlingoti, watu wanacheka, mpaka mlevi mmoja, Dontos, anainama na Tyrion anapanda mgongoni kwake. Baadaye Sansa anaona haya, anapiga magoti ili busu liwe la uso kwa uso. Kwenye tamthilia Joffrey ndiye anayeondoa kigoda kwa dhihaka, Tyrion anamwomba Sansa ainame, naye anainama. Mandhari ni ileile, kicheko ni kilekile, ila kwenye kitabu kuna msichana ambaye silaha yake pekee ni magoti yake, na ameamua kutoyakunja. Kwenye kioo ukorofi wote amepewa Joffrey, na Sansa amebaki na utii.

Mambo mengine ni madogo, nayapita. Sumu ya kumuua Joffrey kitabuni imefichwa kwenye wavu wa nywele wenye amethisti nyeusi; kwenye tamthilia ni mkufu. Sawa tu, mkufu unaonekana vizuri zaidi.

Sasa tufike njia panda yenyewe.

Joffrey amekufa, Sansa ametoroshwa na Petyr Baelish, yule mfanyabiashara wa siri, hadi ngome ya Eyrie, juu ya bonde la Vale, kwa shangazi yake Lysa. Kitabuni anapakwa nywele rangi ya kahawia, anapewa jina la Alayne, na anatangazwa kuwa binti wa nje wa Baelish. Hapo Martin anafanya jambo ambalo bado linanisisimua. Vichwa vya sura zake vilikuwa vimeandikwa jina lake, Sansa. Katikati ya kitabu cha nne, unafungua sura na juu imeandikwa Alayne. Hakuna maelezo. Jina limemezwa hata pale ambapo mwandishi anaongea na wewe msomaji. Ndani ya sura anajisahihisha anapowaza: baba yangu ni Petyr, nywele zangu ni za kahawia. Anaendesha nyumba, anamtuliza binamu yake mgonjwa, anapokea wageni wenye vyeo, anajifunza kwa kumwangalia Baelish jinsi mtu anavyosema kweli tatu ili kuupitisha uongo mmoja. Mpango ni aolewe na mrithi wa bonde hilo, Harrold Hardyng, na siku ya harusi avue Alayne na kujitokeza na joho la Stark. Hapo ndipo kitabu kimemwacha. Ni polepole, nakiri. Mpwa wangu akipenda mambo ya haraka atapiga miayo.

Na kwingine kabisa, katika kitabu cha tano, kuna msichana anayeitwa Jeyne Poole. Huyu ni binti wa msimamizi wa nyumba ya Winterfell, ngome ya akina Stark, rafiki wa Sansa wa utotoni, wa kukaa pamoja na kucheka wavulana. Baba yake aliuawa siku ileile watu wa Ned walipouawa, Jeyne akafungiwa chumba kimoja na Sansa akilia usiku kucha, kisha Baelish akasema atamtafutia mahali. Hakuna aliyeuliza tena. Anaporudi amepewa jina la Arya Stark na anapelekwa kuozwa kwa Ramsay Bolton, katili kuliko wote hadithini, ili Ukoo wa Bolton upate haki ya kutawala Kaskazini. Ni kama yule mtu aliyeajiriwa kwa cheti cha mwenzake: kila siku anaitikia jina lisilo lake, na akifumbuliwa amekwisha. Theon, aliyekulia nao, anamtambua kwa macho. Arya ana macho ya kijivu, na ya huyu ni ya kahawia. Anayaona na ananyamaza, kwa sababu na yeye ameshavunjwavunjwa hadi jina lake mwenyewe linamtisha.

Tamthilia ilichukua mateso ya Jeyne, ikampa Sansa. Msimu wa tano, mwaka 2015, Baelish anampeleka Sansa mwenyewe, kwa jina lake halisi, Winterfell kuolewa na Ramsay. Kipindi cha sita cha msimu huo, usiku wa ndoa, kilizua kelele kubwa; hata seneta mmoja wa Marekani alitangaza hadharani kwamba ameacha kutazama. Nilikitazama kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ya kijana wa jirani, tukiwa wanaume wanne. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alitoka kwenda kununua vocha na hakurudi.

Kwa nini walifanya hivyo? Ukikaa kwenye kiti cha mtengenezaji, hesabu inaeleweka. Kitabu cha tano hakina sura ya Sansa. Jeyne hakujengewa nafasi kwenye tamthilia, kwa hiyo akiletwa msimu wa tano watazamaji watauliza huyu ni nani. Una mwigizaji ambaye dunia inamjua, hana kazi, na una mateso yasiyo na mwenyewe. Ukaviunganisha.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Bran, mdogo wake Sansa, hakuonekana kabisa msimu huohuo wa tano. Msimu mzima! Walimpumzisha, akarudi wa sita, na hakuna aliyekufa. Sansa naye angeweza kupumzishwa, au akabaki bondeni akijifunza hila. Tatizo la pili ni Baelish. Kitabuni huyu mtu hatoi senti bila kujua itarudi ngapi. Kwenye tamthilia anachukua mali yake ya thamani kuliko zote na kuikabidhi kwa familia asiyoijua vizuri, halafu baadaye anasema hakujua Ramsay ni mtu wa aina gani. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni hakupi gunia kabla hajaulizia wewe ni nani, sembuse Baelish.

Kinachonikera zaidi kimekuja msimu wa nane. Sansa anakutana tena na Sandor, mezani, na mazungumzo yao yanafikia pale anapomwambia kwamba bila Baelish na Ramsay angebaki ndege mdogo maisha yake yote. Watu walikasirika, nami nilikuwa miongoni mwao, ingawa si kwa sababu moja na wengine. Wengi walisema mateso hayamfunzi mtu. Yanaweza kumfunza, tuwe wakweli. Hoja yangu ni kwamba ndege mdogo wa kitabuni alikuwa na akili tangu akiwa ndege. Kimya kile, adabu ile, magoti yale yasiyokunjwa: mafunzo yalikuwa yanaendelea muda wote, mbele ya macho yetu. Tamthilia haikuyaonyesha, kisha ikamshukuru Ramsay kwa kazi ambayo hakuifanya.

Basi nimemaliza kuiponda? Hapana, kuna mahali tamthilia inashinda, na nisiposema mpwa wangu ataniona mzee wa vitabu anayenung'unika. Sansa kufika kwa Jon, aliyelelewa naye kama kaka, lango likifunguka na ndugu wawili wakikumbatiana katikati ya theluji na matope, hilo vitabuni halipo bado na sijui msomaji gani hakulihitaji. Vita vya kuirudisha Winterfell, ambapo Jon anakaribia kuzikwa hai chini ya maiti na wapanda farasi wa bonde wanafika kwa sababu Sansa aliwaita kimyakimya. Hukumu ya Baelish, anayedhani amekuja kushuhudia Arya akishtakiwa, mpaka Sansa anapomgeukia yeye. Na taji: Sansa anaishia Malkia wa Kaskazini, nchi yake ikiwa huru. Ukitaka kuona binti aliyepigwa akisimama mwishoni, kioo kinakupa. Kitabu kimekuacha bondeni, nywele za kahawia, ukisubiri.

Kuna mandhari moja ambayo kila upande umeifanya kwa mkono wake, na ningependa mtu aitumie kama kipimo cha ladha yake. Asubuhi theluji imeanguka Eyrie. Sansa anashuka bustanini peke yake, anaanza kufinyanga theluji bila mpango, na taratibu inakuwa Winterfell: minara, madaraja, nyumba za vioo. Kitabuni Baelish anakuja, anapiga magoti, anamsaidia kujenga, na katikati ya kujenga huko anambusu. Baada ya hapo ndipo binamu yake mdogo, Robert, anakuja na mwanasesere, jitu lake linaibomoa ngome, Sansa analinyakua na kichwa kinachomoka. Kwenye tamthilia mtoto huyo, waliyemwita Robin, ndiye anayeibomoa kwanza kwa miguu, Sansa anamzaba kibao, kisha Baelish anatokea na busu linakuja baada ya uharibifu. Mambo ni yaleyale, mpangilio umegeuzwa. Kitabuni mtu mzima amejipenyeza ndani ya mchezo wa mtoto mpaka hujui mchezo umeisha saa ngapi, na hicho ndicho kinachotisha. Kwenye kioo kibao kinatangulia, na unamwona msichana anayeanza kuwa na meno. Unaloliona lina nguvu zaidi ndilo litakalokuambia uanze wapi. Mimi ni wa busu kutangulia.

Kuhamisha hadithi kutoka chombo kimoja hadi kingine si dhambi, na hapa ziwani tuna mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa nayo miaka na miaka bila mchapishaji, mwisho akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Aliyevusha alikuwa mwenye mzigo. Sansa alivushwa na wengine, na kuanzia msimu wa tano mwenye mzigo hakuwa tena anaandika.

Nikarudi kwa mpwa wangu, ambaye bodaboda yake ilishapiga honi mara mbili. Ukiwa na wiki sita, nikamwambia, tamthilia nzima ni saa 70 hivi, unaimaliza na muda unabaki. Vitabu vitano ni vinene, cha tatu peke yake ni karibu kurasa 1,000, na Kiingereza chake si kigumu, kinachochosha ni majina. Kama unachotaka ni kujua mwisho ili wenzako bwenini wasikufunge mdomo, pita mlango wa pili, kijana akurushie. Kama unataka kumjua Sansa, soma vitatu vya kwanza, ambavyo vinalingana na misimu minne ya mwanzo, halafu ndipo utazame kuanzia wa tano ukijua kwamba unayemwona amevaa nguo za Jeyne. Na kile kipindi cha sita kiruke. Hutakosa chochote ambacho hujaambiwa hapa.

"Na kule kwa bibi umeme?" akauliza.

"Wewe unajua kuliko mimi."

Akatazama flashi yake, akatazama rafu. Akachukua cha kwanza, akakitia kwenye mfuko wa rambo ili maji yasikipate melini, akaondoka na flashi tupu.

Jumatano usiku nikapata ujumbe wake kutoka Nansio. "Mjomba, huyu mtoto KAMUUZA BABA YAKE?" Kwa herufi kubwa hivyohivyo. Nikamjibu aendelee kusoma. Upande wa pili wa ukuta kijana alikuwa anamrushia mteja msimu wa kwanza, na ule wimbo wa kufungulia ulikuwa unapenya kwenye mbao.